Doa kwenye Yungiyungi

Mimi ni dobi. Watu wanadhani dobi ni mtu wa sabuni na pasi, kumbe dobi ni mtu wa macho. Shati likitua tu juu ya kaunta yangu, mwenyewe hajafungua mdomo, nimeshajua kama ile rangi nyekundu kwenye kola ni ya mkewe au ya jirani, na kama ile kahawa ilimwagika au ilirushwa. Mdogo wangu wa kiume ananiita Kachero. Anasema kwa kunikejeli, lakini hakuna siku amepoteza kitu akampigia simu mtu mwingine kabla yangu.

Kwa hiyo nikisema nilianza kumshuku wifi yangu kwa sababu ya kufuli, usikimbilie kusema nina roho mbaya. Nisikilize kwanza.

Baba yetu alifanya kazi maisha yake yote kwenye vitalu vya miche vya bustani za manispaa. Alipostaafu tukadhani ataijaza nyumba vyungu vya maua. Wapi. Akaanza kukusanya sarafu. Si zile kuukuu za kuchimbuliwa ardhini, ni sarafu mpya kabisa, za fedha tupu, zile za kumbukumbu ambazo benki kuu inatoa kila mwaka. Upande mmoja nembo, upande wa pili mmea mmoja wa asili wa nchi hii: mshubiri, mgunga, mpingo uliochanua, mkwaju na maganda yake, yungiyungi juu ya maji. Kila sarafu iko ndani ya kibweta chake cha plastiki angavu, na vyote vimelala kwenye kasha la mbao lililotandikwa mahameli ya kijani. Watu wakimtania kwamba mzee ameficha fedha ndani, alikuwa na jibu moja tu. "Fedha ziko benki. Haya ni maua."

Wakati anaanza sisi tulikuwa watu wazima wenye nyumba zetu, lakini alitufundisha kuzishika kama watoto wa chekechea. Unavaa glavu za pamba. Unashika ukingo. Uso wa sarafu hauguswi, hata kama umetoka kuoga sasa hivi. "Kidole kina mafuta na chumvi," alikuwa anasema. "Kikigusa hapa, fedha haisahau." Mimi nilimwelewa haraka kuliko wote, maana hayo ndiyo maisha yangu.

Na niseme na hili, kwa sababu litakuja mbele. Mama alipofariki, wengine walilia, mimi nilifua. Nilikusanya magauni yake, mashuka, kile kitambaa chake cha kichwa kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari wa jikoni, nikafua, nikapiga pasi, nikakunja, nikagawa kwa watu vikiwa vinanukia sabuni. Kila aliyepokea alinisifu. Baba alikaa kwenye kiti akinitazama tu, nikajua ameridhika.

Mwaka jana Baba akateleza bafuni akavunja nyonga. Mimi naishi ghorofani, ngazi zenyewe hata mzima anahema, basi ikabidi aende kwa mdogo wangu, nyumba ya chini. Nilikubali kwa muda tu. Nikakodi chumba nyuma ya duka langu, kisicho na ngazi, nikakipaka rangi, nikaweka kitanda na reli ya kushikilia ukutani, nikanunua hata pazia. Kila nikiuliza Baba anahamia lini, naambiwa bado anafanya mazoezi ya kutembea, bado hajazoea, bado hivi, bado vile. Chumba kikawa kinanukia rangi na hakina mtu.

Kila Jumapili nilikuwa naenda kumwona. Jumapili moja nikakuta lile kasha la sarafu lina kufuli. Kufuli jipya la shaba, na ufunguo umefungwa kamba, uko shingoni kwa wifi, ameutumbukiza ndani ya gauni.

"Wifi, hilo kufuli ni la nini?" nikamwuliza.

"Baba mwenyewe ndiye alilitaka," akasema, huku anapangusa mikono kwenye aproni. Wifi yangu anapika vitafunio vya kupeleka kwenye mikahawa, na mikono yake haikauki mafuta.

"Alilitaka kwa kumwogopa nani? Humu ndani mna nani zaidi yenu?"

Akatabasamu lile tabasamu lake la kufunga mlango. "Kunywa chai, wifi, isipoe."

Nikaiacha ipoe. Sikusema imetiwa kitu. Nilisema tu sina kiu.

Baba akaomba tuangalie maua, desturi yake ya kila Jumapili. Wifi akavaa glavu, akafungua kasha, akawa ananipa kibweta kimoja kimoja kwa ukingo, vizuri kabisa, siwezi kumsingizia. Mshubiri nikauona, mgunga nikauona. Ilipofika zamu ya yungiyungi, akanigeuzia mgongo, akampa Baba mkononi. Baba akakigeuza kile kibweta upande wa dirisha, akakiinamisha kidogo, akaweka dole gumba lake juu ya plastiki, akacheka peke yake. Kisha akamrudishia.

"Na mimi nione," nikasema.

"Aa, hiyo tayari," wifi akasema, na kifuniko kikashuka. Nikamtazama Baba. Baba yangu mwenyewe akajifanya anatafuta miwani yake, na miwani iko puani.

Hapo shetani wa shaka akanipanda kichwani. Nikaanza kuangalia vizuri. Mapazia ya sebuleni yalikuwa mapya, ameyapata wapi? Simu ikiita, wifi anatoka kwenda kupokea uani. Mimi nikiingia chumbani kwa Baba, wao wawili wananyamaza ghafla, na dakika ile ile kabla sijafungua mlango nimesikia wanacheka. Baba hajawahi kucheka na mimi hivyo. Mimi namletea mashuka yaliyopigwa pasi, ananiambia ahsante mwanangu. Yeye anamletea uji na anacheka. Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini maumivu ni kitu kingine na wizi ni kitu kingine, na mimi nilikuwa nafuatilia wizi.

Nikamfuata mdogo wangu kazini. Ni fundi wa majokofu, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, na siku hiyo nusu yake ya juu ilikuwa ndani ya jokofu la bucha.

"Mkeo anauza sarafu za Baba," nikasema na miguu yake.

Akatoa kichwa taratibu. "Kachero. Leo umeamkia kwangu."

"Ameweka kufuli."

"Asingeweka ungesema anaziacha wazi ziibiwe."

"Kuna moja hataki niione. Ile ya yungiyungi. Nina hakika ya kweli haipo, pamewekwa bandia, na Baba macho yake hayaoni tofauti."

Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua tambara akaanza kufuta vidole kimoja kimoja. Mdogo wangu akifuta vidole hivyo, ujue amekasirika ila hataki kukosa adabu kwa mkubwa wake. "Dada, mimi kile chumba ulichokipaka rangi nakijua. Wewe shida yako si sarafu. Unamtaka Baba."

"Nataka awe mahali ambapo haibiwi."

"Sawa. Nionyeshe kitu kimoja. Cha kushika mkononi, si cha kuhisi. Ukinionyesha, nambeba Baba mwenyewe nakuletea mpaka mlangoni, na mke wangu nitajua la kumfanya. Ukikosa, habari hii uimeze, na chumba ukikodishe kwa mtu mwingine."

"Tumeelewana," nikasema. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Kitu kimoja nilikuwa nimeshakigundua. Wifi akimsaidia Baba kuoga, huwa anavua ile kamba ya ufunguo asiiloweshe, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Jumapili iliyofuata nikangoja maji yaanze kumwagika bafuni. Nikasikia Baba analalamika ni ya moto, wifi anamtania kwamba mzee wa bustani anaogopa maji. Nikachukua ufunguo, nikafungua kasha, nikaitoa yungiyungi.

Haikuwa imeibiwa. Ilikuwa imechafuliwa.

Lile ua ni zuri, lazima niseme. Petali zake zimetengenezwa hafifu, kama zimeshikwa na ukungu, na maji yanayolizunguka yanang'aa kama kioo. Na pale pale, nusu juu ya petali na nusu juu ya maji, pana alama ya dole gumba. Nzima. Mistari yote inaonekana, inazunguka na kupinda, imegeuka rangi ya hudhurungi, na katikati mstari mmoja mdogo umeikata kwa mshazari, kovu la kisu hivi. Mtu alikuwa amefungua kibweta akaikamata sarafu ya Baba usoni, kwa mkono mtupu, wenye mafuta.

Mikono yenye mafuta katika nyumba ile ni ya nani? Niliifunga sarafu kwenye leso yangu, kibweta na vyote, nikafunga kasha, nikarudisha ufunguo msumarini. Wifi alipotoka bafuni akanikuta nimekaa sebuleni nasoma gazeti. Hata chai yake nilikunywa siku hiyo, nikaaga kabla Baba hajaomba maua.

Kesho yake nikaipeleka kwa muuza sarafu. Ana kibanda kidogo kati ya mpiga picha na fundi saa, na kwa vile muda wote ana kioo cha kukuzia jichoni, watu wanamwita Lenzi. Akavaa glavu, akafungua kibweta, akaipima, akaigeuza, akaipeleka karibu na pua kana kwamba atainusa.

"Ni yenyewe," akasema. "Fedha halali. Yungiyungi la kweli. Pole kwa hili dole."

"Limewekwa lini?"

"Hili la zamani. Tazama rangi yake. Hii ni kazi ya miaka, imeshaingia ndani. Aliyeshika alikuwa na mafuta mikononi, labda alikuwa anapika."

"Anapika," nikasema. "Ahsante. Nilitaka hilo tu." Wifi ameolewa kwetu siku nyingi. Miaka ni mingi ya kutosha mtu kufungua kasha la mkwewe na kupeleka sarafu kuulizia bei.

"Sikiliza, mama," Lenzi akasema, na akaitoa lenzi jichoni ili anitazame sawasawa. "Usije ukaisugua. Watu wengi wanakosea hapo. Ukilitoa hili dole unatoa na uso wa sarafu. Bora ibaki na doa lake."

Sasa fikiria unamwambia dobi bora ibaki na doa lake. Nikamwitikia kwa heshima, nikatoka.

Nilikaa nayo dukani siku nzima. Ningeweza kumpelekea mdogo wangu vile vile, nimwambie haya, kitu cha kushika mkononi ni hiki. Lakini namjua, angesema dole ni dole, halina jina, labda ni la Baba mwenyewe. Nilihitaji wifi ajisaliti mbele ya macho yake. Na mtu aliyefanya jambo la siri hujisaliti vipi? Unaiondoa ile alama, unairudisha sarafu mahali pake, unakaa unamtazama usoni anapoikuta safi. Atajua kwamba kuna anayejua. Kuna wateja wangu ambao nimewarudishia mashati bila lile doa la kola, na jinsi wanavyoyatazama, ndipo ninapojua yote.

Na kulikuwa na jambo jingine. Baba alikuwa anaizungusha ile sarafu dirishani kila Jumapili kwa macho yake mabovu. Siku moja angeliona lile doa, angejua kwamba maua yake yamechezewa, angeumia. Nilitaka nimwepushie.

Nilipomaliza kazi za siku nikafunga mlango wa mbele. Nina dawa ya kung'arishia vifungo, naitumia kwa sare za bendi ya tarumbeta. Nikaifungua yungiyungi, nikaiweka juu ya kitambaa laini, nikatia dawa tone dogo, nikaanza kusugua kwa mzunguko, pole pole, kama unavyosugua kola ya hariri. Mwanzoni halikutaka. Lilikuwa limeshika kweli, Lenzi hakusema uongo. Nikaongeza dawa. Ile mistari ya nje ikaanza kufifia, ikafuata ya ndani, mwisho kabisa likatoka lile kovu la mshazari, lilikuwa limezama kuliko vyote. Petali zilipoteza ukungu wake, zikawa zinang'aa sawa na maji. Mimi nikaona imependeza zaidi. Nikaipangusa, nikairudisha kibwetani, nikahisi ile raha ninayoihisi kila ninapolishinda doa sugu.

Jumapili nikafika mapema. Baba alipokuwa bafuni nikarudisha kila kitu mahali pake. Kisha nikampigia mdogo wangu simu, alikuwa uani anaosha pikipiki, nikamwambia aingie ndani, leo ndiyo leo.

Tukakaa sebuleni wote wanne. Baba kwenye kiti chake cha dirishani na fimbo yake, nywele bado mbichi. Mdogo wangu mlangoni, suruali imekunjwa mpaka magotini. "Mkwe," Baba akamwambia wifi, "tuangalie maua."

Wifi akavaa glavu, akafungua. Akanipa mshubiri. Sikuutazama mshubiri, nilimtazama yeye. Mkono wake ukaenda kwenye yungiyungi, ukaishika kwa ukingo, ukaanza kuinuka, ukasimama hewani. Uso wake ulinyauka. Namaanisha kunyauka, damu yote ikaondoka, na midomo ikaachana kidogo.

Nikamgeukia mdogo wangu. Umeona? Sikusema, lakini macho yangu yalisema.

"Wifi, mbona umeshtuka?" nikauliza kwa sauti tamu.

Akairudisha sarafu kwenye mahameli kwa haraka. "Baba, leo kuna mawingu," akasema. "Mwanga mbaya huu. Tutaangalia kesho."

"Mwanga uko vizuri tu," nikasema. "Mpe Baba sarafu yake."

"Wifi, nakuomba," akasema chini chini.

"Mpe."

Baba alishanyoosha mkono. Hakukuwa na la kufanya, wifi akampa. Akakigeuza kibweta upande wa dirisha kama kawaida, akakiinamisha, akaweka dole gumba lake juu ya plastiki. Akakiinamisha upande wa pili. Akaondoa dole, akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena, akatazama tena.

"Iko wapi?" akauliza.

"Baba, ni mimi," wifi akasema. Alisema upesi, kabla hata pumzi haijamtosha. "Nilikuwa napangusa vumbi juzi, nikaisafisha, sikufikiri. Nisamehe Baba, ni mimi."

Nikasimama. Nilikuwa nimengoja neno hilo wiki nyingi. "Umesikia?" nikamwambia mdogo wangu. "Kwa kinywa chake mwenyewe. Dole lake lilikuwa juu ya sarafu ya Baba, limejaa mafuta, na sasa anajifanya amesafisha."

"Dole la nani?" Baba akauliza.

"La huyu, Baba. Alikuwa anazifungua."

Baba alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Lilikuwa dole la mama yako," akasema.

Huko nje bomba la maji alilokuwa anatumia mdogo wangu lilikuwa bado linamwaga uani, na hakuna aliyekwenda kulifunga.

"Siku niliyoileta alikuwa anakaanga," Baba akasema. "Nikaiacha mezani nikaenda kutafuta glavu. Akaifungua kwa sababu ni yungiyungi, unajua alivyoyapenda, alipokuwa msichana walikuwa wanayang'oa bwawani. Akaishika hivi. Nikamfokea. Nilimfokea vibaya sana, na yeye akacheka, akasema basi hii ni yangu, nimeshatia saini."

Mama yetu hakujua kuandika. Fomu zetu zote za shule, kila karatasi, mwalimu alikuwa anafungua kile kidau cha wino wa zambarau, na Mama anaweka dole gumba. Nilikuwa naona haya. Nilisimama pembeni yake mara ngapi nikilitazama lile dole juu ya karatasi, na kile kimstari katikati, alichojikata na kisu akimenya viazi nikiwa mgongoni kwake. Na mimi, Kachero, mtu wa macho, nililishika mkononi siku nzima dukani kwangu nisilijue.

"Wifi, ulikuwa unajua?" nikamwuliza.

"Baba aliniambia nisikwambie," akasema. Alikuwa analia bila kujifuta, maana alikuwa bado amevaa glavu. "Alisema wewe huwezi kuvumilia doa. Ndiyo maana ya kufuli."

"Nguo zake ulizifua zote," Baba akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayenieleza kitu kilichonipita utotoni. "Nilikuwa nimekaa pale nataka kukwambia uniachie hata kile kitambaa cha kichwa, kilikuwa bado na harufu yake. Lakini ulikuwa unafanya kazi kwa bidii sana, mwanangu. Sikujua nikuzuieje."

Wifi alikuwa ameshaubeba mzigo, ungeweza kubaki kwake. Mdogo wangu alikuwa bado anamtazama yeye, si mimi. Nikasema, "Baba, si yeye. Ni mimi niliyeisugua."

"Najua," Baba akasema. Akapitisha dole lake juu ya plastiki, pale petali zilipokuwa na ukungu. "Huyu hajui kung'arisha hivi. Hii ni kazi yako. Kazi safi."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa ananiambia nikimpigia pasi shati, tangu nilipokuwa msichana, na nilikuwa nafanya lolote ili niyasikie. Nikaangukia magotini pale pale kwenye zulia, nikamshika miguu, nikalia. Siku ya mazishi sikulia. Nililia siku hiyo. Aliniacha nilie, mkono wake uko kichwani kwangu, na mkono wa pili umeshika kile kibweta. Nilipotulia akakiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole juu yake.

"Chukua," akasema. "Mpelekee muuza sarafu, au baki nayo, vyovyote. Maua yangu ni yale yaliyobaki mle. Hii sasa ni fedha tu."

Mdogo wangu akatoka kwenda kufunga bomba. Hakuna aliyetaja chumba, na mimi sikukitaja. Wifi akaenda jikoni akarudi na chai, akaniwekea mbele yangu, na nikainywa yote ikiwa ya moto, huku pua inanichuruzika kama mtoto. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia aproni yake ina doa la manjano ambalo nina dawa yake. Alinitazama, halafu akacheka, na mimi nikacheka kidogo.

Kile chumba nimekikodisha kwa fundi viatu. Ile sarafu iko kwenye droo ya kaunta, chini ya vifungo vya akiba, ndani ya kibweta chake. Inang'aa vibaya sana.

Siku hizi mtu akiniletea nguo namwuliza kwanza kama ana hakika anataka doa litoke. Wengi wanacheka, wanadhani natania. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa makamo na koti la mwanamume, zito, la kizamani, na kwenye bega pana doa jeupe, dogo, la mtoto aliyecheua. Nikamwuliza kama ana hakika. Hakucheka. Alilishika lile bega kitambo kirefu, akalikunja koti upya, akaliweka kwapani akaondoka nalo, na mimi nikamwita mteja aliyefuata.